Ndoo tatu, watoto hamsini na kitu: kisa cha wiki ya maji darasa la awali, Kigamboni

Mpango wenyewe kwenye karatasi ulikuwa mzuri, tuseme ukweli. Mwalimu wa darasa la awali kwenye shule moja ya serikali huko Kigamboni, shule siitaji na yeye tumwite tu madam kama wenzake wanavyomwita, alikuwa ameandaa wiki nzima yenye mada ya maji. Jumatatu beseni kubwa la kuchezea maji, Jumanne barafu za rangi, Jumatano vinavyoelea na vinavyozama, Alhamisi mzunguko wa maji na mawingu ya pamba, Ijumaa bwawa la plastiki la kujaza upepo, watoto waogelee na picha zipigwe zitumwe kwenye grupu la wazazi. Kautoa mtandaoni, akautafsiri vizuri, akachora jedwali, malengo yamo, zana zimo, muda umo, yaani mkaguzi akija anaweka tiki anaondoka. Maji yatatoka wapi ndo hakuna mahali pameandikwa.

Anayeijua Kigamboni anajua hilo sio swali dogo. Mabomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanafika baadhi ya mitaa na mingine bado, yanakofika kuna siku yanatoka kuna siku hayatoki, na visima vingi vya pwani maji yake yana chumvichumvi, unafulia, unadekia, ila chai yake hainyweki. Pale shuleni kuna simtanki moja la shule nzima, humo humo vyoo, humo humo uji wa watoto, humo humo walimu. Mgao wa darasa la awali ukiuangalia vizuri ni ndoo tatu kwa siku, lita 20 kila moja, na moja kati ya hizo ni ya kunywa, haiguswi. Zinabaki lita 40 kwa watoto wanaozidi hamsini. Hata bwawa la upepo lile dogo la madukani linataka lita mia na kitu ndo mtoto alowe magoti, hapo bado hujanawisha hata mkono mmoja.

Mi niliingia kwenye hiki kisa kwa sababu hapo huwa napita kusaidiana na walimu wa awali kupanga shughuli, na nilikuwepo Jumatatu beseni lilipotolewa.

Kilichotokea Jumatatu ni hivi. Beseni likawekwa katikati ya darasa, ndoo zote mbili zikamiminwa, vikombe, chupa, faneli, bata wa plastiki, kila kitu kikatupwa ndani. Wanaofika kwenye ukingo wa beseni ni kama kumi, waliobaki wanasukumana nyuma, ndani ya dakika chache sakafu imelowa, sare zimelowa, kuna waliocheka mpaka basi na kuna waliolia. Hayo ya kawaida, darasa lolote la chekechea lenye maji litalowa, hilo silihesabu kama tatizo. Kilichonishika jicho ni mabinti wawili waliokuwa hawachezi kabisa. Walichukua tambara la kudekia, wanafyonza maji ya sakafuni, wanakamulia kwenye ndoo tupu, wanafyonza tena. Madam akawaambia njooni mcheze wanangu, mmoja akamjibu, "Mwalimu, maji yanaisha, mama atagomba."

Saa ya kuondoka mama mmoja akaja kumchukua mwanae, kamkuta kaloa mpaka soksi. Hakupiga kelele, alisema taratibu tu, "Shikamoo mwalimu. Samahani lakini, mi dumu nanunua kwa mkokoteni, mwanangu namwogesha kwa kipimo, nyie huku mnamwaga? Mi nimemleta asome." Madam akajibu, "Marahaba mama, nimekuelewa, tutarekebisha," na hapo hapo mwalimu mkuu alikuwa anapita, kesho yake agizo likashuka, mambo ya maji basi, rudini kwenye herufi.

Sasa hapa ndo pa kuchambua, maana mtu anaweza kusema basi, maji hakuna, mada ya maji haifai kwa shule kama hii, tuendelee na a e i o u. Mi nakataa. Na anayesema shida ilikuwa uchache wa maji nakataa pia, kwa sababu baadaye wiki ya maji ilirudiwa kwa ndoo moja kwa siku, watoto wale wale. Shida ilikuwa mpango umejengwa kwa mtoto mwingine kabisa. Beseni la maji darasani ni wazo la mahali ambapo mtoto anafungua koki yanatoka, hajawahi kujiuliza yanatoka wapi wala yanaisha lini, kwa hiyo mwalimu anamletea ayashike, ayaone, ayamwage. Mtoto wa miaka mitano wa kule ndani Kigamboni ameshabeba kidumu cha lita tatu cha mafuta ya kula kutoka kisimani. Anajua ukijaza mpaka mdomoni yatamwagika njiani. Ameona dada yake anaweka majani juu ya ndoo ili maji yasirukeruke akitembea. Anajua maji yapi ya kunywa yapi ya kufulia, na anajua ukimwaga utagombezwa. Huyu unampa bata wa plastiki? Ana elimu ya maji kuliko jedwali zima, ila hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo tulipokaa kuupanga upya, kitu cha kwanza tulichofanya sio kutafuta shughuli mpya, tulichora safari ya ndoo. Ndoo moja ya lita 20, asubuhi iko safi, mchana itakuwa chafu, njiani inaweza kufanya kazi ngapi? Ukiipanga kuanzia safi kwenda chafu inajibu yenyewe. Kwanza kupima, maana unahitaji maji masafi na vyombo visafi. Yale yale yanaingia kwenye beseni la kuelea na kuzama, matunda yanapita humo, hayajaharibika bado. Yale yale yanawekwa sabuni, yanaosha midoli, vikombe, vitambaa. Halafu yanadeki darasa, na yanayobaki yanakwenda kwenye mgomba nyuma ya choo, kama nyumba nyingi za pwani zinavyofanya. Hakuna shughuli hata moja inayodai maji mapya, kila moja inapokea ya mwenzake. Ukigeuza mpangilio, ukianza na sabuni, umekwisha, kila kitu kinataka ndoo yake.

Na yanamwagwa siku hiyo hiyo, hayalali darasani. Hilo madam alitaka kubishana, kwamba tuyatunze ya kesho, ila maji yaliyoshikwa na mikono hamsini sio ya kutunza, na ndoo iliyokaa wazi siku kadhaa ni nyumba ya mbu. Dar tumeshaona dengi 2014 na tena 2019, na yule mbu wake hataki bwawa, kifuniko cha chupa kilichotuama maji kinamtosha.

Mwalimu mkuu alikuwa na swali moja, watasoma saa ngapi. Ni swali halali, maana ndo anaulizwa na wazazi. Madam akamwonyesha mtaala wa awali wa 2016, uliotumika wakati ule, umahiri wake ulikuwa sita, na humo kutunza afya kulikuwemo, kutunza mazingira kulikuwemo, stadi za awali za kihisabati zilikuwemo, kuwasiliana kulikuwemo, na kila kipindi kilikuwa dakika 20 tu. Beseni moja likigusa vinne kati ya hivyo sio mchezo wa kupotezea muda. Binafsi sipendi sana hii tabia ya kila kitu anachofanya mtoto lazima kipachikwe namba ya umahiri ndo kihalalishwe, lakini kama ndo lugha ya ofisini, basi ongea nayo. Akakubali kwa masharti, ndoo moja kwa siku, baada ya uji, na wazazi waambiwe.

Makundi ndo yaliyosumbua. Mtaala ule ule ulisema mwalimu mmoja kwa watoto 25, hapo una zaidi ya mara mbili na msaidizi huna. Beseni linahimili watoto nane, ukizidisha unarudi kwenye kusukumana. Waliobaki wako kwenye kona nyingine, ujenzi, vitabu, kuchora, na huko nako anatakiwa mtu mzima. Madam aliomba wazazi. Yule mama wa dumu hakuja na sidhani kama alibadili msimamo, ila alimtuma bibi yake mtoto, na bibi huyo akawa ndo mwalimu wa pili kwa wiki nzima, watoto wanamwamkia shikamoo bibi foleni nzima mpaka dakika tano zinakatika.

Kupima

Swali lilikuwa moja, vifuu vingapi vya maji vinajaza chupa hii? Chupa za lita moja na nusu za maji ya dukani, mdomo umekatwa na kingo zimezungushiwa gundi ya karatasi zisikate mtu, na vifuu vya nazi vilivyosuguliwa, maana vifuu hata ukitaka mia havina gharama. Kila kundi likapata chupa na kifuu, wanachota, wanahesabu kwa sauti, wanaweka kokoto moja kwa kila kifuu ili hesabu isipotee.

Kundi moja likapata tano. Lingine saba. La tatu likapata tano na "kidogo cha kulala", sijui walimaanisha nini ila madam aliandika hivyo hivyo ubaoni. Ugomvi ukaanza hapo. Nyie mmekosea kuhesabu, hapana nyie mmemwaga, mwalimu hawa wamedanganya. Madam akanyamaza, na hili nampongeza sana maana ulimi unawasha, akawaacha warudie. Wakarudia, tano na saba vile vile. Mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa kimya muda wote akachukua vifuu viwili akaviingiza kimoja ndani ya kingine, kikaingia chote, akasema hiki mtoto hiki baba. Basi kumbe hakuna aliyedanganya. Bibi akadakia, akawaambia zamani dukani nafaka ilipimwa kwa kibaba, vibaba vinne ni pishi moja, na kibaba cha muuzaji kikiwa kidogo mnagombana vile vile. Dakika 20 zimeisha, sabuni haijaguswa, na mi sioni somo la vipimo unaloweza kulifanya vizuri zaidi ya hilo kwa umri ule.

Madam akataka kuongeza lile jaribio maarufu, unamimina maji kutoka glasi pana kwenda chupa nyembamba ndefu halafu unauliza wapi mengi. Jean Piaget, yule Mswisi, aliliandika na Alina Szeminska mwaka 1941, na walimu wengi tulifundishwa chuoni kwamba mtoto chini ya miaka sita saba atasema chupa ndefu ndo ina mengi kwa sababu anaangalia urefu tu. Ni kweli wengi watajibu hivyo. Ila kuna mambo mawili chuoni huwa yanapitwa haraka. La kwanza, mwaka 1984 Judith Samuel na Peter Bryant kule Uingereza walijaribu kuuliza swali mara moja tu, baada ya kumimina, badala ya kuuliza kabla na baada, na watoto wakakosea mara chache kuliko walioulizwa mara mbili. Ina mantiki, mtu mzima akikuuliza jambo lile lile mara ya pili unadhani jibu la kwanza hakulipenda, unabadilisha, mtoto wa Kiswahili ndo kabisa, habishani na mwalimu. La pili, mwaka 1969 Price-Williams na wenzake walikwenda Mexico kwa watoto wa wafinyanzi, wakawauliza maswali ya namna hiyo hiyo lakini kwa udongo, na watoto wale waliokua mikono iko kwenye udongo walikuwa mbele ya wenzao.

Sasa fikiria mtoto ambaye kila jioni anaona ndoo inamiminwa kwenye pipa, pipa kwenye sufuria, sufuria kwenye beseni la kuogea. Madam aliuliza mara moja tu, na alimimina kutoka kidumu kwenda ndoo badala ya glasi. Wengine walisema ndefu ina mengi. Wengine walisema "ni yale yale, si umeyahamisha tu". Hakumsahihisha mtu, aliyarudisha kwenye kidumu mbele yao yakafika pale pale, akaendelea na mengine. Huna haja ya kushinda ubishi na mtoto wa miaka mitano, miaka miwili mbele atakucheka mwenyewe.

Pantoni

Kwenye mpango wa mwanzo lengo la siku ya kuelea liliandikwa hivi, mtoto aweze kutambua kuwa vitu vizito huzama na vyepesi huelea. Hili limeenea sana, lipo mpaka kwenye chati za ukutani, na sio kweli. Na kulifundisha Kigamboni ni ujasiri, maana watoto hawa wamepanda pantoni la kuvuka kwenda Magogoni, linabeba magari, malori, bajaji, na watu mia kadhaa na linaelea, wakati kokoto unalolirusha kwa vidole viwili linakwenda chini moja kwa moja. Mtoto akikuuliza kwa nini, utamjibu nini na chati yako?

Tukalifuta lengo lote. Badala yake, kwanza bashiri, halafu jaribu. Bibi anainua kitu, watoto wanasema kitaelea au kitazama, wakigawanyika wanasimama pande mbili, kisha kinaingia majini. Nazi kavu, inaelea, waliotoka ufukweni hawakushangaa hata kidogo. Msumari, unazama. Chungwa na ganda lake, linaelea, shangwe. Chungwa lile lile likamenywa, likazama, na hapo darasa lilikaa kimya kwanza, maana limepungua uzito halafu limezama. Lile ganda lina utandu laini mweupe umejaa hewa, linafanya kazi ya boya, ukilitoa umemvua boya. Kizibo cha soda nacho kizuri sana, ukikilaza mdomo juu taratibu kinaelea, ukikiinamisha maji yakaingia kinazama, kizibo kile kile.

Halafu ndo pantoni lenyewe. Kila kundi likapewa kifuniko cha ndoo ya rangi kikiwa kimeoshwa, wapakie kokoto moja moja mpaka lizame, wahesabu abiria. Kundi lililorundika upande mmoja lilizama mapema, kundi lililosambaza lilibeba karibu mara mbili. Mtoto mmoja alikuwa anawapigia kelele wenzake, "Abiria wote msikae upande mmoja!" Amesikia wapi? Kwenye pantoni, bila shaka. Hesabu ipo, lugha ipo, na usalama umeingia wenyewe bila kualikwa.

Kuna mtoto wa mvuvi alisema yai linaelea kwenye maji ya bahari. Likaletwa dumu la maji ya bahari kesho yake, yai jipya likawekwa, likazama. Ule uchumvi wa bahari hautoshi kulibeba yai zima, inabidi uongeze chumvi, vijiko kadhaa vya chakula kwenye jagi, koroga, ndo linapanda. Alinuna kidogo, ila alipoongeza chumvi kwa mkono wake likainuka alitembea shule nzima akitangaza. Kuna mzazi aliuliza kama yai limeharibika, swali zuri, maana yai viza huelea hata kwenye maji ya kawaida.

Barafu sina mengi ya kusema isipokuwa moja. Friza shuleni hamna, rangi hamna, ikabaki vipande vya barafu kutoka kwa mama anayeuza barafu za watoto mtaani, sio ya samaki, ile ya samaki usilete darasani maana itaingia mdomoni tu. Vipande viwili vinavyolingana, kimoja kwenye sahani wazi, kingine kimefungwa kwa khanga iliyokunjwa. Kipi kitaisha kwanza? Karibu darasa zima, cha kwenye khanga, kitasikia joto. Wakaenda uji, wakarudi, cha kwenye sahani maji, cha kwenye khanga kipo. Khanga haina joto lake, inazuia tu joto la nje lisiingie, mwilini inazuia la kwako lisitoke. Mtoto mmoja akasema wauza samaki wanafunika barafu kwa gunia. Ndo hivyo hivyo. Wamelipita lile gunia kila siku.

Mzunguko wa maji bila pamba

Mchoro wa jua, bahari, wingu la pamba na mishale tuliuweka kando. Mtoto wa umri huu ataukariri, atauimba hata, ila hakuna anachokiona kinapanda kwenda popote. Tulitoka nje kwenye zege, brashi za rangi na makopo yenye maji kidogo kabisa, kila mtu achore anachotaka. Wakachora, jua la Dar likafuta, wakachora tena. Kikopo kimoja kwa watoto wanne na hakuna aliyelalamika. Swali likaja lenyewe, yamekwenda wapi?

"Yameingia chini." "Jua limeyanywa." "Yamekufa."

Kishawishi cha kusema mvuke ni kikubwa. Madam alichukua jibu la kwanza kama mtu mzima anavyochukua hoja ya mtu mzima mwenzie, haya, kama yanaingia chini, tukiyaweka kwenye sahani ya plastiki ambayo haipitishi itakuwaje? Sahani ikawekwa juani, mstari wa kalamu kwenye kimo cha maji. Mchana yamepungua, chini ya sahani pakavu. Basi hayakuingia chini. Jua kuyanywa likabaki, na mi nasema liache hapo, sio jibu baya kwa miaka mitano. Sahani ya pili ilikuwa na maji ya bahari yale yaliyobaki na yai, ikaachwa mpaka ikakauka kabisa, ikabaki na ukoko mweupe, wakaugusa na kidole wakalamba, chumvi. Mtoto aliyezaliwa Bagamoyo akasema babu yake analima chumvi. Wenzake hawakumwamini mpaka bibi alipothibitisha kwamba ndo hivyo, mashamba ya chumvi yapo pwani yote hii, maji ya bahari yanafungiwa kwenye vijaruba, jua linamaliza kazi.

Bwawa la Ijumaa lilifutwa bila mjadala na sio kwa sababu ya maji tu. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wadogo, hasa wa mwaka mmoja mpaka minne, ndo wanaoongoza kwa viwango vya kufa maji, na mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, kichwa chake kizito, akiingia kwenye ndoo kichwa mbele hawezi kujiinua, wala hapigi kelele. Mtu mzima mmoja na watoto hamsini na bwawa, hapana. Kwenye mpango mpya ikawa sheria, ndoo yenye maji haikai bila mtu mzima, wala haikai chini bila kifuniko.

Siku hiyo ikawa ya mazungumzo badala yake. Na hapo ukaona darasa limegawanyika pande mbili. Watoto wa wenyeji wanajua kujaa na kupwa, wanajua siku za bamvua, bahari ikijaa kupita kawaida, maji yanakuja mbali na kwa kasi, wamekwenda na mama zao kuokota kombe. Watoto waliohamia majuzi kwenye nyumba mpya za juu kule, wazazi wao wametoka bara, bahari kwao ni mahali pa kwenda sikukuu, wanaona maji yamepwa wanadhani yamekwisha. Wale wa kwanza waliwafundisha wa pili kwa kuchora mchangani, hapa unasimama, hapa husimami. Bibi alimalizia na kitendawili, kisima kidogo kimejaa changarawe, wakataja visima vya mtaa mzima kabla mmoja hajafungua mdomo na kuonyesha meno yake.

Sabuni tulijaribu kwa maji mawili, ya bomba na ya kisima cha chumvi, sabuni ile ile, vijiti vya kukorogea vile vile. La bomba povu likapanda, la kisima likagoma, likatoa utando mweupe tu. Kila mtoto alikuwa anajua tayari, walicheka kwamba mwalimu ndo kwanza anagundua. Kunawa ikabaki kwenye kibuyu chirizi, kidumu kilichotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyaga, maji yanachirizika kidogo, haiwezekani kufungulia yakamwagika hata ukitaka. Wazazi walioishi Dar Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Baada ya wiki hiyo jedwali la madam limeongezeka safu mbili, maji lita ngapi na kutoka wapi, halafu yanaishia wapi. Mwalimu mkuu ameiomba nakala kwa ajili ya madarasa mengine. Linalosubiriwa sasa ni gata. Bati la darasa likiwa na mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10 inakupa lita 500 kabla ya hasara, kwa sababu milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu yake ndo hiyo tu. Ya dakika za mwanzo unayaacha yapite yaoshe bati, yanayofuata unakinga. Pipa la kuazima lipo, fundi ametoa bei, kamati ya shule haijajibu. Madam ameshaihamisha wiki ijayo ya maji mpaka Aprili, masika yakiwa yamekolea, gata iwepo isiwepo.